Pakiti inavuja, kikombe kimevimba: kusoma kasoro za vifungashio vya maziwa

Malalamiko ya maziwa dukani huwa hayana maneno mengi: "Maziwa yako mabovu." Mwenye duka anamrudishia msambazaji, msambazaji anasema ni kiwanda, kiwanda kinasema friji ya duka haipozi. Wakati huo pakiti yenyewe imeshatupwa. Hapo ndipo ushahidi unapopotea, kwa sababu mara nyingi kinachoitwa maziwa mabovu ni kasoro ya kifungashio, na kasoro ya kifungashio huacha alama. Ukijua alama iko wapi na ina sura gani, utajua kama wa kulaumiwa ni mashine, kreti, barabara, friji au maziwa yenyewe.

Tunaanza na pakiti laini ya nusu lita, ile ya nailoni iliyojaa maduka ya mtaani kutoka Kariakoo hadi Kawangware. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo yenye vituko vingi kuliko zote.

Pakiti laini inavuja

Usiikamue kwanza. Ioshe kwa maji baridi, ikaushe kabisa kwa kitambaa, kisha ilaze juu ya karatasi ya shashi au gazeti kavu. Weka ubao mdogo juu yake, na juu ya ubao weka dumu la lita 5 lililojaa maji. Subiri dakika moja, ondoa, tazama karatasi imelowa wapi. Pazungushie alama kwa kalamu ya wino papo hapo, maana pakiti ikishafunguliwa na kumwagwa, tundu dogo halionekani tena.

Nailoni ya maziwa ni poliethilini, kwa kawaida yenye unene wa kati ya mikroni 50 na 100, mara nyingi ikiwa na tabaka nyeupe nje ya kuchapwa maandishi na nyeusi ndani ya kuzuia mwanga. Mashine huikunja iwe mrija, ikachomea mshono wa wima mgongoni, ikachomea chini, ikajaza maziwa, kisha ikachomea juu na kukata. Kila pakiti basi ina mishono mitatu, na karibu kila kuvuja kwa kiwandani kumo kwenye mmojawapo wa hiyo. Tundu lililo mbali na mshono ni habari nyingine, tutaifikia.

*Mshono unaachana kwa kucha.* Shika pande mbili za mshono wa juu au wa chini, vuta polepole. Mshono ulioiva hauachani: nailoni hunyumbuka na kuchanika pembeni yake. Ukiachana vizuri tabaka kwa tabaka, haukuiva. Vyanzo ni vinne: moto mdogo, taya za kuchomea zimebana kwa muda mfupi mno, upepo wa kompresa hautoshi kuzibana taya, au maziwa yalikuwa katikati ya taya wakati zinafunga.

Kuhusu moto mdogo, wasindikaji wadogo waanze na umeme wao kabla ya kugusa mashine. Mashine nyingi za pakiti huchomea kwa waya unaopashwa moto kwa muda mfupi kila pakiti inapopita, na joto la waya hufuata mraba wa volti. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 207, yaani asilimia 10 tu, joto linashuka kwa asilimia 19. Ndiyo maana kuna viwanda ambavyo pakiti za asubuhi ni nzima na za saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na taa, zinavuja. Ukiwa na pakiti tano zinazovuja, linganisha saa zilizochapwa juu yake. Zikiangukia muda mmoja, shuku umeme kabla ya kumshuku fundi. Dawa yake ni stabilaiza kwenye njia ya umeme wa taya. Kupandisha moto moja kwa moja hakusaidii, kwa kuwa usiku umeme ukirudi sawa utaanza kuunguza.

Maziwa yakiwa katikati ya mshono, utaona vidoa vyeupe visivyoshikana ndani ya mstari wa mshono. Hutokana na pua ya kujazia inayodondosha baada ya kufunga, au povu. Povu likiwa jingi, kagua mpira wa kuzuia hewa upande wa pampu unaovuta, maana ukichoka pampu hunywa hewa pamoja na maziwa. Pia shusha pua ya kujazia chini zaidi ili maziwa yasiporomoke kutoka juu. Na ukiagiza nailoni, omba tabaka la ndani liwe na LLDPE ya kutosha, aina ya poliethilini: hushikana vizuri kuliko LDPE, ile poliethilini ya kawaida, hata mshono ukiwa na unyevu wa maziwa. Bei yake hupanda kidogo, lakini pakiti zinazorudishwa zinapungua, na akiba hiyo huzidi gharama.

*Mshono umekonda, una nyuzi za plastiki, au umekatika kwenye ukingo wake wa ndani.* Huu umeungua. Joto limezidi, au kitambaa cha tefloni kinachofunika waya kimeungua na kutoboka, au taya zinafunguka kabla plastiki haijapoa. Hilo la mwisho husahauliwa. Mshono wa poliethilini ukiwa bado wa moto hauna nguvu, na nusu kilo ya maziwa inaushukia papo hapo. Kagua maji ya kupoza taya yanazunguka kweli: gusa bomba la kuingia na la kutoka. Yote yakiwa ya moto sawa, mzunguko umeziba, mara nyingi kwa chumvi ya maji magumu.

*Inavuja pale mishono inapokutana.* Ukitaka kurekebisha jambo moja tu kwenye pakiti laini, rekebisha hili. Mshono wa wima unapokatiza mshono wa juu, unene wa nailoni unabadilika ghafla. Sehemu nyingine zote za mshono wa juu zina tabaka mbili. Hapo penye makutano, kama mshono wa mgongoni ni wa kulaliana, zinakuwa tatu. Kama ni wa kusimama kisha ukalazwa upande, zinakuwa nne. Taya ngumu hubana penye unene na kuacha upenyo mdogo sana pembeni mwa ngazi hiyo. Maziwa hayamwagiki, yanatoka tone kwa tone, unyevu tu, hadi kreti nzima inanuka kesho yake.

Marekebisho ni mawili na yote ni ya bei ndogo. La kwanza, weka utepe wa mpira wa silikoni chini ya tefloni kwenye taya moja, ili ubonyee kufuata ngazi hiyo. Ukiwa umekakamaa au una mfereji katikati, badilisha. La pili, kama mshono wa mgongoni ni wa kusimama, hamia wa kulaliana, tabaka tatu badala ya nne. Hapo mwambie mchapishaji wa nailoni aache ukanda usio na wino pale panapolaliana, kwa sababu wino huzuia plastiki kuyeyukiana.

*Kuna kikunyanzi ndani ya mshono.* Kikunyanzi ni mfereji. Chanzo ni nailoni inayotembea kombo: robota (roli la nailoni) haikukaa katikati, breki yake imelegea, au shingo ya kukunjia imepinda. Ukipandisha moto ili "kukiua" kikunyanzi, utaunguza sehemu nyingine zote za mshono na mfereji utabaki.

*Tundu liko katikati ya pakiti.* Pima umbali kutoka mkwaruzo mmoja hadi mwingine kwenye pakiti kadhaa zilizofuatana. Mikwaruzo ikijirudia kwa umbali uleule, kuna rola yenye ncha au uchafu ulioganda. Gawanya umbali huo kwa 3.14, utapata kipenyo cha rola ya kutafuta: umbali wa sentimita 19 ni rola ya sentimita 6. Mikwaruzo ikiwa haina mpangilio, geukia kreti. Pitisha mkono ndani ya kreti tupu ukiwa umevaa soksi nyembamba ya nailoni. Itanasa kwenye kila ncha. Kreti iliyovunjika jino itoboe pakiti tatu kwa siku, kwa mwezi umelipa kreti mpya. Tundu lenye kingo zilizotafunwa, lenye meno mawili mawili, halihitaji uchunguzi wowote isipokuwa mtego wa panya.

Kwa msindikaji anayetaka uhakika zaidi ya karatasi ya shashi: fungua pakiti katikati, mwaga, osha, kausha. Changanya spiriti na rangi ya chakula iliyokolea, mimina kidogo ndani, iache ilale kwenye mshono kwa dakika tano, kisha geuza upande mwingine. Rangi ikitokeza nje ya mshono, umeona mfereji ambao maji yasingeuonyesha. Fanya hivyo kwa pakiti mbili kutoka kila kichwa cha mashine, mwanzoni mwa zamu na kila robota inapobadilishwa.

Haikuvuja dukani, imevuja njiani

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Pakiti ya maziwa yenyewe haikuguswa kwa kuwa ni kifungashio cha bidhaa, lakini ule mfuko wa pili uliokuwa ukiilinda uliondoka. Leo pakiti inatumbukizwa kwenye mfuko mbadala pamoja na kopo la nyanya, funguo na mkate, kisha inaning'inizwa kwenye usukani wa bodaboda. Wabunifu wengi wa pakiti hawajalipa jambo hili uzito, ingawa matumizi yalibadilika miaka mingi iliyopita.

Mnunuzi aweke pakiti juu kabisa, ikiwa imelala, si kusimama kwenye mshono wake. Kiwanda kinachopeleka maziwa kwenye barabara mbovu kiangalie pembe: pembe kali za pakiti moja hutoboa jirani yake kreti ikitikisika. Ulizia taya zinazokata pembe za mviringo.

Tatizo la umbo na usafirishaji si geni. Waliosoma shule za msingi Kenya miaka ya 1980 wanazikumbuka pakiti za pembe tatu za maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa shuleni. Umbo hilo lilibuniwa Sweden na lilianza kutumika kwenye kiwanda cha maziwa cha Lund mwaka 1952. Lilitumia karatasi kidogo sana, ila halikukaa vizuri kwenye kreti ya kawaida. Lilidai kreti za pande sita. Boksi la mstatili la mwaka 1963 lilishinda hasa kwa sababu linapangika.

Inaruka, inamwagika nje ya kikombe, au boksi linakohoa

Pakiti laini haina pa kuchania, kwa hiyo watu hutumia meno. Meno hupeleka vijidudu mdomoni mwa pakiti na pakiti iliyopita kwenye kreti chafu hupeleka vyake mdomoni mwa mtu. Poliethilini haichaniki sawasawa. Inavutika, halafu inaachia ghafla, na maziwa yanaruka. Tumia mkasi safi. Shika pakiti kwa pembe moja ya juu ili hewa iliyomo ipande pembeni hapo, kata pembe hiyo kwa upana wa sentimita moja tu, na usiitenganishe kabisa: kipande kikibaki kinaning'inia hakitaishia kwenye chai wala mtaroni.

Ukibakiza maziwa, usiipindue pakiti na kuibana kwa kibanio cha nguo halafu ukategemea bahati. Isimamishe ndani ya jagi nyembamba. Wakanada, hasa wa Ontario, wamekuwa wakinunua maziwa ya mfuko tangu mwaka 1967, siku hizi mifuko mitatu ya lita 1.33 ndani ya mmoja wa lita 4, na kila nyumba ina jagi la kuusimamishia. Wengine hutoboa kitundu cha pili pembe ya pili ili hewa iingie na mmiminiko uwe laini. Jagi la namna hiyo kiwanda cha huku kwetu kingeweza kuliuza pamoja na maziwa yake, na lingegharimu plastiki kidogo sana.

Hata hivyo tusikimbilie kila uboreshaji. Nyumba nyingi humwaga pakiti nzima kwenye sufuria na kuchemsha mara moja. Kwa mtumiaji huyo kifuniko cha kuzungusha ni gharama tupu. Anachohitaji ni mkato mdogo wa kuanzia kuchania, wa milimita tatu hivi, kwenye ukingo wa mshono wa juu, ndani ya mshono na usiufikie ukingo wa ndani. Huo hauongezi hata senti ya malighafi. Kifuniko kipelekwe kwenye pakiti za lita moja na zaidi.

Boksi linalokohoa, yaani linalotoa maziwa kwa mikupuo na kurusha matone, limeshikwa vibaya. Watu huelekeza tundu liwe karibu na kikombe. Geuza: tundu liwe upande wa juu wa boksi lililolazwa, mbali na kikombe. Hewa huingia juu ya maziwa wakati maziwa yanatoka chini yake, na kikohozi kinaisha. Kama boksi halina kifuniko na unakata kwa mkasi, inua sikio la juu, kata pembe moja, kisha toboa kitundu kidogo pembe ya pili.

Boksi dogo la mrija linalomrushia mtoto maziwa usoni lina tatizo la mkono, si la mrija. Mtoto analikamata tumboni na kulibana. Inua masikio mawili ya juu, mfundishe ashike hapo.

Vifuniko vinavyodondoka na kupotea vimeshapata jibu Ulaya: tangu tarehe 3 Julai 2024, vifuniko vya plastiki vya vyombo vya vinywaji vya hadi lita 3 katika Umoja wa Ulaya sharti vibaki vimeshikamana na chombo. Wengi wanalalamika kuwa vinagusa pua wakinywa. Ni kweli, lakini vizuri zaidi vina kipande kinachojifunga nyuma kwa mlio. Ukinunua chupa ya namna hiyo, sukuma kifuniko nyuma mpaka kilie.

Imevimba

Hapa tenga mambo mawili yanayofanana kwa macho: gesi ya vijidudu na mwinuko wa nchi.

Gesi ya vijidudu huvimbisha bila mpangilio. Kwenye kreti moja utakuta pakiti mbili zimetuna kama zitapasuka, kumi zimelala. Zinaendelea kutuna kila siku. Kwenye maziwa yaliyopashwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15, vijidudu vinavyotoa gesi huwa vimekufa karibu vyote. Vikionekana, mara nyingi vimeingia baadaye, kupitia mashine ya kujazia, nailoni chafu au mshono unaovuja. Kwenye mtindi mara nyingi ni hamira ya porini. Boksi la maziwa ya muda mrefu likivimba, usionje hata kwa ncha ya ulimi: maana yake ulinzi wake wote umevunjika. Rudisha pamoja na namba ya toleo.

Mwinuko huvimbisha zote sawasawa. Kikombe cha mtindi kilichofungwa Mombasa kikipandishwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa nje limepungua kwa asilimia 18 hivi, na hewa iliyofungiwa chini ya kifuniko inataka nafasi zaidi. Kifuniko cha alumini kinatuna, laini, kwa vikombe vyote vya kreti, na baada ya hapo hakizidi. Kinyume chake, mtindi uliofungwa Iringa ukishushwa Dar es Salaam hushika shimo katikati ya kifuniko, na chupa nyembamba hubonyea kiunoni. Wateja wa pwani huidhania imefunguliwa. Mwenye duka aliyeko juu akitaka kuhakiki, aweke vikombe vitatu kwenye friji ya nyuzi 4 na kupima kimo cha uvimbe kwa rula leo na kesho. Kisichobadilika ni mwinuko.

Msindikaji anayeuza nyanda mbili tofauti apunguze hewa: jaza hadi milimita tano chini ya ukingo badala ya kumi na tano. Chupa ziwe na mbavu za mlalo. Na kabla ya kusaini agizo la vikombe laki moja, peleka kumi kwa basi hadi soko la mbali zaidi na uvitazame huko.

Haijavuja, haijavimba, lakini ladha imeharibika

Ladha ya karatasi iliyolowa, au ya nywele zilizoungua, kwenye chupa inayoona mwanga: huo ni mwanga. Vitamini B2 iliyomo kwenye maziwa hupokea mwanga na kuanzisha kuharibika kwa mafuta na protini, na yenyewe inapungua. Taa za friji ya duka zinatosha, halihitaji jua. Jaribio ni rahisi: chukua chupa mbili za toleo moja, ifunge moja kwa karatasi ya alumini, ziache zote kwenye friji yenye taa usiku na mchana, kisha mpe mtu asiyejua ipi ni ipi aonje. Wabunifu wanaopenda chupa angavu "ili mteja aone weupe" wanauza weupe na kupoteza ladha. Chupa iwe nyeupe isiyopitisha mwanga, au ivalishwe lebo nzima, na mwenye duka azime taa ya friji akifunga duka.

Maziwa yamechacha bila gesi: vijidudu vya kutoa asidi pekee vimekua, na kwa kawaida sababu ni ubaridi uliopotea njiani. Mshono usiolaumika usilaumiwe.

Maziwa ya boksi yaliyokuwa uchungu au mazito kama uji baada ya miezi, boksi likiwa zima: chanzo ni vimeng'enya vya vijidudu vilivyoota kwenye maziwa mabichi kabla ya kiwandani. Vijidudu hufa kwenye nyuzi 135 na zaidi, vimeng'enya vyao vingine hubaki vikifanya kazi polepole ghalani, upesi zaidi kwenye stoo ya bati yenye joto. Hapo hakuna kifungashio kitakachosaidia. Ila kuna jambo moja ni la kifungashio: maandishi. Boksi likikaa miezi rafuni bila friji, watu hudhani litakaa mezani hata likifunguliwa. Neno "Ukifungua, weka kwenye friji" lichapwe karibu na tundu, si chini ya boksi pamoja na anwani.

Kifuniko cha mtindi kinachanika vipande vipande

Joto la kufungia limezidi kiasi kwamba gundi ya alumini imeyeyukiana na kikombe, au kishikio ni kifupi. Shusha joto nyuzi tano tano hadi kifuniko kitoke kizima lakini kikombe kikibinywa kisivuje. Kishikio kiwe na upana wa kidole gumba, angalau sentimita moja na nusu nje ya ukingo. Wazee wenye vidole vilivyokakamaa ndio wapimaji bora, wapewe wao wajaribu.

Maziwa mabichi yananuka kabla ya kufika kituoni

Tazama dumu. Dumu la mafuta ya kula lililogeuzwa la maziwa lina kasoro mbili za umbo zisizotibika. Mdomo wake haupitishi mkono, na mpini wake ni mtupu ndani: maziwa huingia humo, hukauka, na brashi haifiki. Kata dumu kuukuu katikati ya mpini uone utando wa manjano uliomo. Kwa sababu hiyo vituo vingi vya kukusanyia hudai keni ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, au chombo cha plastiki ya chakula chenye mdomo mpana.

Aliye na dumu kwa sasa asuuze kwanza kwa maji ya baridi au vuguvugu mara tu baada ya kumwaga. Maji ya moto mwanzoni hugandisha protini ukutani. Kisha maji ya moto na sabuni, brashi, maji safi, na likauke likiwa limepinduliwa bila kifuniko. Likishakwaruzwa ndani halifai tena, hata liking'aa. Chupa mnazobeba kwenda kwenye mashine za maziwa za sarafu mijini Kenya zifuate sheria hiyohiyo: ambayo mkono au brashi haufiki chini, isiende.

Nimenunua mtindi nikidhani ni maziwa

Chai imekatika na pakiti ni nzima. Viwanda vingi huchapa maziwa freshi, mala (maziwa yaliyochachushwa) na maziwa yenye mafuta kidogo kwa muundo mmoja, rangi ikitofautiana kidogo tu, na rangi hiyo haionekani dukani jioni au kwa mtu asiyeona vizuri. Japani boksi la maziwa halisi la mililita 500 na zaidi mara nyingi lina mkato wa nusu duara ukingoni juu, ambao kidole kinausoma bila macho, na uko upande ulio kinyume na pa kufungulia. Kwa pakiti yetu laini ingetosha mshono wa juu wa mtindi uwe wa meno meno na wa maziwa uwe mnyoofu. Ni kubadili kisu tu.

Ujazo pungufu na tarehe iliyofutika

Maziwa ni mazito kuliko maji kidogo, gramu 1.03 kwa mililita, hivyo mililita 500 ni gramu 515, na nailoni ni gramu 3 hadi 5. Pima pakiti kumi pamoja na nailoni zake: zikipungua kilo 5.18 kwa gramu nyingi, kiwanda kinajaza povu au pampu imechoka. Moja pekee yenye upungufu, ikiwa na unyevu, irudishe kwenye jaribio la shashi.

Tarehe hufutika kwa sababu wino hupuliziwa kwenye pakiti baridi iliyotoka jasho. Unakaa juu ya maji, si juu ya plastiki, na ukipitisha kidole unaondoka. Ichapwe kwenye nailoni kavu kabla haijakunjwa, kwa utepe wa joto. Fundi aangalie pia mahali inapoangukia: ikiangukia kwenye mshono, taya hulainisha wino na namba ya mwisho ya siku ndiyo inayopotea. Sogeza kichwa cha kuchapia sentimita mbili chini ya mshono, pitisha pakiti ishirini, zifute kwa kitambaa chenye maji, usome.